Mtoto Aende Disney Akiwa na Umri Gani?

Wazazi wanaopanga kumpeleka mtoto kwa mara ya kwanza kwenye bustani kubwa ya burudani, kama Walt Disney World ya Florida au Disneyland Paris, huanza na bei, na bei ina namna yake ya kuwaharakisha. Katika bustani zote mbili mtoto ambaye hajatimiza miaka mitatu anaingia bure. Akishatimiza anakatiwa tiketi, na kule Florida, msimu wa watu wengi, tiketi ya siku moja huweza kupita dola 150 za Marekani, huku ya mtoto ikipungua kidogo tu kuliko ya mtu mzima. Basi mzazi mwenye mtoto wa miaka miwili na nusu hupiga hesabu: tukiwahi kabla ya siku yake ya kuzaliwa, tumeokoa tiketi nzima. Hesabu yenyewe ni sahihi, ila imemsahau mtoto. Ninaamini umri unaofaa ni ule ambao mtoto anaweza kuisimulia safari yake mwenyewe: aseme kabla ya kuondoka anataka kuona nini, aseme akiwa pale kwamba anaogopa au amechoka, na akirudi amweleze bibi yake yaliyotokea tangu mwanzo hadi mwisho bila kuongozwa. Kwa watoto wengi hapo ni miaka sita au saba, umri wa kuanza darasa la kwanza.

Tuanze na asili ya bustani hizi, maana inasaidia kujua zilikusudiwa nini. Walt Disney alisimulia kwamba siku za Jumamosi alikuwa akiwapeleka binti zake wawili, Diane na Sharon, kwenye farasi wa kuzunguka wa Griffith Park, Los Angeles. Watoto walipanda, yeye akakaa kwenye benchi akitafuna njugu, na akiwa pale akawaza kwamba pangekuwepo mahali ambapo wazazi na watoto wangefurahi pamoja. Wazo hilo likaja kuwa Disneyland, iliyofunguliwa Anaheim, California, Julai 17, 1955. Kilichomsumbua kwenye lile benchi ni kwamba mtoto alicheza huku mzazi akitazama tu. Mtoto mchanga mno huigeuza picha hiyo: mzazi ndiye anayezunguka na kushangaa, mtoto yuko kwenye kigari amelala, au analia, au ameshughulika na kifuniko cha chupa ya maji. Kila mmoja yuko peke yake tena, na safari hii wamelipia.

Hoja inayosikika zaidi dhidi ya kumpeleka mtoto mdogo ni kwamba hatakumbuka. Ina ukweli, lakini ukweli wake una pande nyingi kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1991 watafiti wawili wa Marekani, Nina Hamond na Robyn Fivush, walichapisha utafiti kuhusu watoto 48 waliokwenda Disney World, nusu yao wakiwa na miaka mitatu na kidogo, nusu wakiwa na miaka minne na kidogo. Waliwahoji miezi sita baada ya safari, au miezi 18. Watoto wote walikumbuka mengi, na mengi yalikuwa sahihi, hata wale waliosubiri mwaka mmoja na nusu. Tofauti ilikuwa kwenye usimulizi: wakubwa walieleza kwa undani zaidi na mengi waliyatoa wenyewe, ilhali wadogo walihitaji kuulizwa na kuchokolewa zaidi. Na waliokumbuka zaidi walikuwa wale ambao familia zao ziliizungumza safari mara kwa mara. Kwa hiyo anayesema mtoto wa miaka mitatu hakumbuki kitu amekosea. Anakumbuka, lakini kumbukumbu yake inaegemea mno maswali ya wengine.

Shida inakuja baadaye. Mwaka 2014 watafiti Patricia Bauer na Marina Larkina walitoa matokeo ya utafiti wa miaka mingi. Walirekodi watoto wa miaka mitatu wakizungumza na mama zao juu ya mambo yaliyowapata karibuni, kama sherehe za kuzaliwa au matembezi ya kuona wanyama, kisha wakawarudia makundi kwa makundi walipokuwa na miaka mitano, sita, saba, minane na tisa. Waliorudiwa wakiwa na miaka mitano hadi saba walikumbuka zaidi ya asilimia 60 ya matukio yale. Waliorudiwa wakiwa na miaka minane na tisa walikumbuka chini ya asilimia 40. Tukio lile lile, lililokuwa hai kichwani mwa mtoto wa darasa la kwanza, limeanza kufifia akifika darasa la tatu. Watu wazima nao wakiulizwa kumbukumbu yao ya kwanza kabisa, kwa wastani hutaja tukio la umri wa miaka mitatu hadi mitatu na nusu, na matukio yanayokumbukwa hubaki haba mpaka karibu na miaka saba. Naona hapo ndipo umri wa sita au saba unapopata nguvu: mtoto tayari ana lugha ya kulipanga tukio, lipi lilitangulia, lipi lilifuata na kwa nini, na kumbukumbu iliyopangwa hivyo ina nafasi kubwa zaidi ya kudumu.

Wapo watakaopinga, na pingamizi lao ni zito: je, furaha isiyokumbukwa si furaha? Hakuna mtu anayekumbuka alivyobembelezwa akiwa na mwaka mmoja, na hakuna anayesema mama aliyembembeleza alipoteza muda. Nakubaliana nao kabisa kwamba furaha ya leo ina thamani leo. Ninachosema ni kwamba furaha ya mtoto wa miaka miwili haiko Florida. Iko kwenye bembea, kwenye maji ya kina kifupi, kwenye puto, kwenye mchanga, na zaidi ya vyote kwenye mikono ya watu anaowajua. Vitu hivyo vipo Kunduchi kwenye bustani ya michezo ya maji, vipo kwenye viwanja vya sikukuu, Mnazi Mmoja ya Unguja na Makadara ya Mombasa, ambako siku za Idi watoto waliovaa nguo mpya hupanda bembea kwa fedha walizopewa na wajomba na shangazi. Mtoto mdogo akichoka pale, nyumbani si mbali. Akilia, hakuna aliyevunja kibubu cha miaka mitatu kwa ajili ya siku hiyo. Tena viwanja hivi ni shule nzuri kwa safari kubwa ya baadaye, kwa sababu hapo mzazi humjua mtoto wake: je, hupenda kupaa juu, hustahimili kelele, hukubali kusubiri zamu?

Safari ya mbali ina gharama nyingine ambayo mtoto mdogo huilipa kwa mwili wake. Kati ya Dar es Salaam au Nairobi na Orlando, iliko Walt Disney World, kuna tofauti ya saa saba au nane, kutegemea msimu. Bustani inapofungua milango saa tatu asubuhi kule, saa ya mwilini mwa mtoto inasema jioni imeingia. Fataki zinapolipuka usiku, mwili wake unaelekea alfajiri. Mtu mzima anajikaza. Mtoto wa miaka mitatu, anayehitaji usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku pamoja na ule wa mchana, hawezi kujikaza wala hajui kwa nini amevurugika. Kama familia imepanga siku tano tu, nyingi kati ya hizo zitakwisha kabla mwili wake haujazoea. Paris ni nafuu zaidi, tofauti ni saa moja au mbili, na Abu Dhabi na Dubai, zenye bustani zao, ni saa moja tu. Nashangaa kuona tofauti hizi haziingii kwenye mipango ya wazazi wengi, wakati zina uzito kuliko uchaguzi wa hoteli.

Jambo la pili linalodai lugha, baada ya kumbukumbu, ni woga, na hapa ningependa tukae kidogo, kwa sababu watu wazima hulichukulia kirahisi. Mzazi hudhani kwamba mchezo usio na kasi ni mchezo usiotisha. Historia ya Disneyland yenyewe inakanusha hilo. Tangu siku ya ufunguzi mwaka 1955 palikuwa na kivutio cha Snow White, vigari vidogo vinavyopita polepole gizani katika hadithi ya yule binti na mama wa kambo mchawi. Hakikuwa na mteremko wala kasi, na kilikuwa katika sehemu iliyotengewa watoto. Watoto walitoka wakilia, kwa sababu mchawi alijitokeza gizani tena na tena. Mwaka 1983, kilipojengwa upya, neno lenye maana ya "kutisha" liliongezwa kwenye jina lake ili wazazi wajue mapema. Mwaka 2021 kikabadilishwa tena, safari hii kikapewa jina la upole na mwisho wa furaha. Wenye bustani walihitaji miongo kadhaa kulikubali jambo ambalo mtoto wa miaka minne angewaambia mlangoni, kama angeulizwa.

Na haitoshi kumwambia mtoto kwamba ni sanamu tu. Mwaka 1991, ule ule wa utafiti wa Disney World, mwanasaikolojia Paul Harris na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha jaribio ambamo watoto wa miaka minne na sita waliombwa kufikiria kwamba ndani ya sanduku tupu kuna zimwi. Watoto walijua vizuri kwamba sanduku ni tupu, na walisema hivyo. Lakini mtafiti alipotaka kutoka chumbani, baadhi ya wale wa miaka minne walikataa kuachwa peke yao nalo. Kujua na kutoogopa ni vitu viwili. Ndiyo maana mtoto anayekutana na Mickey, mwenye kichwa kikubwa, asiyesema, anayenyoosha mikono yenye glovu, anaweza kujificha nyuma ya miguu ya baba yake ingawa kwenye televisheni anampenda kupita kiasi. Mtoto wa miaka sita naye anaweza kuogopa. Tofauti ni kwamba wa miaka sita husema: naomba nimtazame kwa mbali, au twende mkono kwa mkono, au leo sitaki. Maneno hayo yanampa mzazi kitu cha kufanyia kazi, na yanampa mtoto uwezo juu ya siku yake. Mzazi anayemsukuma mtoto anayelia ili picha ipatikane anamfundisha kwamba neno lake halina uzito, na hilo linanisikitisha kuliko tiketi iliyopotea.

Kimo nacho kina neno lake, na hakibembelezwi. Mbele ya foleni ya michezo ya kasi kuna kipimo, na mfanyakazi humsimamisha mtoto chini yake, visigino vikigusa ardhi, nywele zilizosukwa juu zikibonyezwa. Asipofika, hapandi, hata kama amesubiri kwa saa nzima na hata kama mama anaapa kwamba jana alifika. Chukua Disneyland Paris: Big Thunder Mountain, treni ya machimbo inayokimbia kwenye reli za kupanda na kushuka, inataka sentimita 102, Hyperspace Mountain inataka 120, ile ya Indiana Jones inataka 140. Kwa viwango vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani, mtoto wa wastani hufika sentimita 102 akikaribia miaka minne, 120 akikaribia saba, na 140 akiwa amepita kumi. Lakini huo ni wastani. Wapo watoto wengi wenye afya njema ambao wakiwa na miaka mitano ndiyo kwanza wanaigusa 102. Kabla ya kukata tiketi, mpime mtoto ukutani, bila viatu, na mwonyeshe mwenyewe yuko wapi. Mtoto aliyejua tangu nyumbani kwamba treni fulani bado si yake hupokea habari hiyo vizuri; anayeijua mbele ya watu, dada yake akiwa amekwisha kupita, huumia. Tena kipimo hakisemi lolote juu ya woga. Phantom Manor, jumba la mizimu la hapo hapo Paris, halina masharti ya kimo, na mtoto wa miaka miwili anaruhusiwa kuingizwa kwenye giza lake.

Miguu, jua na foleni sitavisemea sana. Siku moja katika bustani ya Florida huweza kumtembeza mtu mzima kilomita kumi, na Juni, shule nyingi za Tanzania zinapokuwa likizo, Orlando ina joto la nyuzi zaidi ya 30 na mvua za radi za alasiri, tena shule za Marekani nazo zimefunga, kwa hiyo foleni ni ndefu. Mtoto wa miaka saba atalalamika. Wa miaka mitatu atabebwa.

Pingamizi gumu zaidi ni la familia yenye watoto wa umri mbalimbali. Mkubwa ana miaka minane, wa kati mitano, mdogo mwaka mmoja na nusu. Ukimngoja mdogo afike sita, mkubwa atakuwa na miaka kumi na miwili na akili yake imekwisha kwenda kwingine. Hapa jibu langu ni kwamba safari ipangwe kwa umri wa yule wa kati au mkubwa, na mdogo aende kama msindikizaji. Ile ruhusa ya kuingia bure chini ya miaka mitatu hapa ina maana nzuri: inaiondolea familia mzigo. Kinachodhuru ni kuigeuza kuwa sababu ya safari. Bustani za Disney pia zina utaratibu wa wazazi kupokezana: mmoja anapanda na mkubwa, mwingine anabaki na mdogo, kisha wanabadilishana bila kupanga foleni upya. Na kama bibi yupo na yuko tayari, mtoto wa mwaka mmoja na nusu aliyebaki kwa bibi yake hajanyimwa kitu.

Wengine watasema kwamba kungoja mpaka miaka saba ni kumnyang'anya mtoto uchawi, kwa sababu akifika hapo anajua kwamba ndani ya Mickey kuna mtu. Silikubali hili. Mtoto anayejua na bado akachagua kuigiza, akamsalimia binti mfalme kwa heshima zote, anafanya kazi kubwa zaidi ya akili kuliko anayeshangaa bila kuelewa. Na dirisha si finyu kama wanavyoogopa. Kule Florida mtoto hulipa tiketi ya mtu mzima anapofika miaka kumi. Paris ni kumi na miwili. Kati ya sita na tisa kuna miaka minne mizima, na mara hii bei na umri wa mtoto vinaelekea upande mmoja.

Umbali ukibadilika, hukumu nayo hubadilika. Familia ya Waswahili inayoishi Orlando au pembezoni mwa Paris inaweza kumpeleka mtoto wa miaka minne asubuhi na kumrudisha adhuhuri. Hakuna deni la safari linalowalazimisha kubaki mpaka fataki. Walio Dubai nao wana bustani zao karibu, na hata walio Muscat wako mwendo wa nusu siku tu kwa gari. Lakini hata kule Ghuba bustani hazilingani: Legoland Dubai, iliyofunguliwa 2016, imekusudiwa watoto wa miaka miwili hadi kumi na miwili, ilhali Ferrari World ya Abu Dhabi, iliyofunguliwa 2010, inajivunia treni inayofikia kilomita 240 kwa saa, na mdogo ataishia kuitazama. Walioalikwa na shangazi kwa mara moja tu, na nafasi hiyo haitarudi, waende wakati wowote, kwa sababu shangazi ndiye safari yenyewe. Na niseme wazi kwamba ninapotaja kusimulia sina maana ya ufasaha wa mdomo. Mtoto asiyesema, au mwenye usonji, anayewasilisha matakwa yake kwa picha, ishara au kwa namna ambayo wazazi wake wanaielewa, amekidhi sharti hilo. Kwake umri wa vitabuni una uzito mdogo kuliko kumjua yeye.

Mzazi anayetaka kujua kama mtoto wake amefika anaweza kumjaribu kwa siku ya kawaida. Mpeleke mahali pageni, sokoni, ufukweni, harusini, na usiku muulize maswali yaliyo wazi: ilikuwaje, nani alikuwepo, kisha kukatokea nini, wewe ulifanya nini. Usimsahihishe, usimwekee maneno mdomoni. Kama jibu linakuja vipande vipande na wewe ndiye unayeviunganisha, ongeza mwaka na endeleeni na bembea za jirani. Kama anakuambia mambo ambayo hata wewe uliyekuwepo hukuyaona, anza kuweka akiba. Na mkirudi kutoka safari yenyewe, endeleeni na maswali yale yale kwa wiki na miezi, hata kama anachokikumbuka zaidi ni basi la uwanja wa ndege au bata aliyekuwa akiogelea nyuma ya kasri. Kati ya yale waliyoyakuta watafiti waliowahoji wale watoto 48, moja liko mikononi mwa kila familia. Ni mazungumzo.